Wiki Thelathini na Nane Kurudi Nyuma

Nyinyi mnaonisoma mnajua jambo ambalo nyumba yangu nzima hailijui. Leo nisaidieni kulibeba, maana peke yangu limenilemea.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mume wangu hupanda minara ya simu. Hukaa kazini wiki nne, hurudi nyumbani wiki moja. Mimi na binti yetu Kidoti, wa miaka minne, tunaishi kwa baba mkwe. Mwezi wa Januari mume wangu alikuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba, akaondoka Jumapili ya tarehe ishirini na tano. Hilo kila mtu analijua.

Wasilolijua ni Jumanne ya tarehe tatu Februari.

Siku hiyo yalitoka matokeo ya mtihani wangu wa masomo ya jioni. Nilifaulu! Mimi, niliyeacha shule na sketi ya shule ikiwa bado mpya. Nikampigia mume wangu simu, nikalia, nikamwambia, "Laiti ungekuwa hapa." Sikumwambia aje. Lakini mwanamke akisema laiti, mwanamume anayempenda husikia njoo.

Aliomba ruhusa ya mdomo kwa msimamizi wake, akadandia lori la saruji. Baba mkwe hakuwepo, wifi alikuwa kazini, Kidoti kwa jirani. Tulipata saa tatu tu, kisha akaondoka.

Hajafika hata nusu ya njia, mtu akaanguka mnarani. Na aliyeanguka ni mume wa wifi yangu, dada yake mume wangu. Na kamba ya chini iliyopaswa kumzuia ilikuwa ya mume wangu kuishika.

Msimamizi aliogopea kibarua chake, akaandika kwamba mume wangu alikuwepo, kamba ilimponyoka kwa bahati mbaya. Niliambiwa tunaojua ni watatu: yeye, mume wangu na mimi. Mume wangu aliniapisha mkono wangu ukiwa juu ya kichwa cha Kidoti. Nikaapa.

Na siku hiyohiyo, katika saa zilezile tatu, nilishika mimba.

*

Tumbo halina subira. Kufikia mwezi wa tano halikufichika tena, nikaenda kliniki.

"Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho?" nesi akauliza, kalamu tayari.

Niliijua. Tarehe ishirini Januari. Lakini niliijua na hesabu yake. Mwalimu wetu wa bayolojia alitufundisha ubaoni, watu wazima tukichekeana kama watoto: kliniki huanza kuhesabu kwenye hedhi, wiki arobaini mpaka kujifungua. Ila mimba yenyewe huingia kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo ukitaka kujua siku ya mimba, shika tarehe ya kujifungua, urudi nyuma wiki thelathini na nane.

Ningesema ishirini Januari, ningeangukia Februari, mume wangu yuko mnarani kwa maandishi.

"Tarehe tano Januari," nikasema.

Nesi akazungusha kigurudumu chake cha karatasi ngumu. "Wiki ishirini kamili. Utajifungua tarehe kumi na mbili Oktoba, Mungu akipenda."

Nikatoka nikijiona mjanja. Masomo ya jioni yamelipa, nikajiambia. Nilichosahau ni kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyesoma jioni ila mimi.

*

Baba mkwe watu humwita Mzee King'ora. Miaka thelathini alikuwa mtunza saa katika kiwanda cha nyuzi. Yeye ndiye aliyekaa getini na daftari, yeye ndiye aliyevuta king'ora cha zamu. Amestaafu, lakini saa haijamtoka mwilini. Ukutani sebuleni ana kalenda moja kubwa, mwaka mzima kwenye karatasi moja. Mwanawe akiingia, anapiga alama ya buluu. Akitoka, anapiga nyekundu. Kalenda za zamani anazo chini ya kitanda, zimekunjwa kama mashuka.

Wifi aliichukua kadi yangu juu ya meza, akaisoma kwa sauti.

"Oktoba kumi na mbili! Hongera wifi." Kisha akaanza kukunja vidole. "Septemba, Agosti, Julai..." Akaishia na kidole cha tisa hewani. "Januari kumi na mbili. Baba, kaka alikuwa wapi Januari kumi na mbili?"

Baba mkwe hakuhitaji kuvaa miwani. "Kazini. Aliingia kumi na saba."

"Na hapa wameandika wiki ishirini. Ukirudi wiki ishirini ni tarehe tano. Napo yuko kazini." Akanitazama tumboni. "Au siku hizi mimba zinarushwa na mnara? Maana mtandao wa kaka una nguvu!"

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa amelala kwenye godoro lake pale sebuleni, mguu kwenye plasta kuanzia pajani. Kidoti alikuwa akiichora maua kwa penseli ya rangi. Shemeji kwa kawaida hucheka mizaha yote ya mkewe. Huo hakuucheka.

"Mke wangu, punguza," alisema.

"Nipunguze nini? Mimi nahesabu tu. Kuhesabu ni dhambi?"

Baba mkwe akainua kiganja. "Getini kwangu, mtu akichelewa nilimsikiliza kwanza, ndipo nikaandika. Mama Kidoti, sema."

Nikasimama mbele ya kalenda kama mwalimu.

"Baba, kliniki wanaanza kuhesabu kabla mtoto hajaingia. Wanaanzia kwenye siku zangu za mwezi. Zile wiki mbili za mwanzo, mtoto hayupo."

"Hayupo, lakini wameandika yupo?"

"Ndiyo, baba."

"Yaani mfanyakazi anaandikwa yuko zamu kabla hajafika getini?"

"Ndivyo wanavyofanya wote."

"Mimi ningemfukuza karani wa namna hiyo," alisema.

Alisema kwa utani. Mimi nilimfikiria msimamizi mmoja na daftari lake.

"Na miezi tisa ya vidole haifai, baba, kwa sababu miezi haina urefu mmoja. Shika Oktoba kumi na mbili. Ni Jumatatu. Panda Jumatatu kwa Jumatatu, mara thelathini na nane."

Akapanda. Kidole chake kinene kilitoka mraba hadi mraba, midomo ikihesabu. Wifi naye alihesabu kwa upande wake, akimsubiri akosee. Septemba, Juni, Machi. Kidole kikasimama.

"Jumatatu, kumi na tisa Januari," alisema baba mkwe.

Siku mbili baada ya alama ya buluu. Siku sita kabla ya nyekundu.

Mzee alikishusha kidole. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa rika lake. Akavua kofia.

"Nilikudhania vibaya, mwanangu. Nisamehe."

Nikasema, "Yameisha, baba." Laiti angenipiga. Kofi lingeniuma kidogo kuliko ile kofia mkononi.

*

Nilikuwa jikoni nikisuuza sufuria, wifi akaja akasimama mlangoni. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Wifi, hesabu yako nzuri. Kusoma raha."

"Asante."

"Ila nikuulize. Wiki ile kaka alipokuwepo, Jumanne, nani alikwenda dukani kukununulia pedi?"

Sufuria ikaniteleza.

"Mimi," alijijibu. "Mvua ikinyesha. Ukaniambia, wifi nihifadhi, siwezi kutoka. Nikakuhifadhi. Nakumbuka kwa sababu viatu vyangu vilifunguka soli siku hiyo. Sasa tarehe tano ya kwenye kadi imetoka wapi?"

"Pengine... nilichanganya."

"Hivi vitu havichanganyiki, wifi." Sauti yake ilishuka. "Mimi sikuchukii. Mume wangu amelala pale kama gogo, kaka yangu hapati usingizi kwa kuponyokwa na kamba, kila akipiga simu ananiomba radhi, na mimi namwambia hukukusudia kaka yangu, hukukusudia. Halafu mke wake amfanyie hivi? Mtu aliyebeba mzigo kama ule?"

Ningefungua mdomo hapo, hadithi hii ingeisha. Nilisema, "Maji yanachemka."

"Sitasema mbele ya baba, ni mambo ya kike. Lakini tutakwenda kupiga picha ya tumbo. Ile mashine haijui kaka ni nani wala wifi ni nani."

Baba mkwe alilipokea wazo lile kwa furaha. Alidhani binti yake anataka kunisafisha. "Vizuri! Picha ni shahidi. Tumalize maneno."

Nikajifungia chumbani, nikampigia mume wangu. Alikuwa juu, nilisikia upepo ukivuma kwenye simu.

"Wanataka kunipima. Kipimo kinaonyesha tarehe, baba Kidoti. Ya kweli."

Upepo tu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Dada akijua nilimwacha mumewe hewani nikaja kwako, mimi sina dada tena. Na shemeji nitamtazama vipi?"

"Na mimi, je? Mimi nina nini?"

"Nipe muda, mke wangu."

"Wewe una muda. Mimi nina tumbo."

Simu ikakatika. Labda mtandao. Fundi wa mnara, na mtandao unamkatikia mkononi.

*

Alhamisi nikalala kwenye kitanda chembamba, pazia la kijani limefungwa, wifi kwenye stuli karibu na miguu yangu. Mpimaji alikuwa mama mnene mwenye viganja vya moto. Alinipaka ute wa baridi tumboni, akaanza kusukuma kile kitu chake kama anayepiga pasi.

Mara akajitokeza. Mwanangu. Kichwa, uti wa mgongo kama zipu ndogo, mkono mmoja karibu na uso. Moyo wake ukasikika chumba kizima, mbio mbio, kama mtu anayewahi jambo jema.

Nikasahau kilichonileta. Nilimtazama wifi, naye macho yalikuwa yamemjaa machozi. Kwa dakika moja tulikuwa mtu na wifi yake, tunamtazama mtoto wetu.

"Napima kichwa," alisema mpimaji. "Napima mfupa wa paja." Akabofya, akabofya. "Kadi yako inasema wiki ishirini na siku tatu. Huyu ana wiki kumi na nane na siku mbili. Kadi imetangulia, mama. Huyu mtoto wala hana haraka."

"Tarehe, je?" aliuliza wifi. Mimi sikuuliza.

"Ishirini na saba Oktoba. Kwa umri huu zaidi au pungufu siku kumi, msije mkanilaumu."

Akanipangusa tumbo kwa karatasi, akanipa picha. Wifi akaipokea kabla yangu. Njia nzima nililisemesha tumbo moyoni: tulia mwanangu, wewe huna kosa, wewe ulikuja siku ya furaha.

*

Baba mkwe alitungoja amekwisha chonga penseli.

"Leteni."

"Ishirini na saba Oktoba, baba," alisema wifi, na picha akaiweka mezani.

Mzee akafurahi, maskini, kwa kuwa hesabu sasa anaijua. "Msiniambie! Nimefundishwa. Ni Jumanne. Tunapanda Jumanne kwa Jumanne, thelathini na nane."

Nilimfundisha mwenyewe. Niliketi nikatazama kidole nilichokifundisha kikipanda ukuta. Oktoba. Agosti. Mei. Alihesabu kwa sauti ya getini, akiita namba kama anaita majina ya zamu. "Thelathini na sita. Thelathini na saba. Thelathini na..."

Hakuimaliza.

Katika kalenda ile nzima, yenye buluu na nyekundu zake, mraba mmoja tu umepigwa alama nyeusi. Jumanne, tarehe tatu Februari. Aliupiga mwenyewe, siku mkwe wake alipoanguka.

Kidole chake kilikuwa juu yake.

Kidoti peke yake alikuwa akiimba kwa chini, anapaka ua rangi kwenye plasta.

"Siku hiyo," alisema wifi polepole. "Siku hiyohiyo. Mume wangu anaanguka, kaka yangu ameshika kamba anapiga kelele, na wewe... ulikuwa na nani, wifi?"

"Mpimaji alisema siku kumi!" nikadakia. Nilijisikia sauti, ilikuwa ya mtu anayezama. "Zaidi au pungufu siku kumi. Wifi alisikia. Baba, toa kumi."

Baba mkwe, kwa haki yake, akatoa. Kidole kilirudi siku baada ya siku, na mimi nikirudi nacho. Kikasimama Jumamosi, ishirini na nne Januari.

"Mwanangu yupo," alisema. "Kesho yake ndiyo nyekundu." Akanigeukia, na tumaini lililokuwa usoni mwake lilinitia aibu. "Inawezekana. Kwa ukingo, lakini inawezekana."

"Haiwezekani, baba," alisema wifi.

"Wewe nyamaza."

"Nisamehe baba, nitasema ya kike. Tarehe ishirini nilimnunulia pedi kwa mkono wangu. Siku nne baadaye hakuna mtoto. Akane hapa, mbele yangu, niombe radhi kwa magoti."

Wote wakanitazama. Ningeweza kukana. Neno moja tu. Lakini nilikumbuka viatu vyake vilivyofunguka soli kwenye mvua kwa ajili yangu.

"Alininunulia," nikasema.

Baba mkwe akaiweka penseli mezani. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Basi mama Kidoti," alisema, "mume wako atapigiwa simu leo. Atakuja, tutakaa. Mpaka hapo, mjukuu wangu analala chumbani kwangu."

Mjukuu wangu alimaanisha Kidoti. Mmoja tu. Wa tumboni hakumhesabu.

"Shemeji."

Sauti ilitoka kwenye godoro. Shemeji yangu alikuwa amejiinua kwa viwiko, jasho limemtoka, maana kuinuka kwake ni kazi.

"Lala mume wangu, haya hayakuhusu," alisema wifi.

"Yananihusu. Subiri." Alikuwa akinitazama mimi peke yangu. "Siku ile, kabla sijateleza, nilitazama chini. Mtu akiwa juu hutazama aliyemshikia kamba. Nikaona kofia ya njano. Nilipozinduka hospitali wakaniambia ni mumeo alikuwa ameishika kamba, na yeye mwenyewe akanilia kifuani, akaniomba radhi. Nikasema sawa."

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema baba mkwe.

"Mzee, mwanao ni mkuu wa kamba. Kofia yake nyeupe. Njano wanavaa wageni wa kazi. Karibu miezi minne najiambia ni jua. Jua lilikuwa kali, lilinidanganya macho. Shemeji, wewe unajua. Niambie. Lilikuwa jua?"

Kidoti aliacha kuimba. Aliinua uso akanitazama, penseli ya rangi mdomoni, nami nikakitazama kile kichwa chake kidogo nilichokiapia.

Kisha nikamtazama wifi yangu. Alikuwa bado amesimama, picha ya mtoto mkononi, na kwenye uso wake hasira ilikuwa imeanza kutafuta pa kwenda.

Nikavuta stuli, nikaisogeza karibu na miguu yake.

"Wifi," nikasema, "keti kwanza."